Sura ya Sita: Shona Ukurasa, Usishone Picha

Fungua albamu yoyote ya miaka ya 1980 iliyokaa kabatini Tanga, Mombasa au Dar es Salaam, utaona gundi ilivyofanya kazi yake. Kurasa ngumu, mistari ya gundi kutoka ukingo hadi ukingo, na nailoni nyepesi ya kufunika. Mtu alifunua nailoni, akapanga picha, akaifunika tena, basi. Albamu za namna hiyo ziliuzwa karibu dunia nzima kwa sababu hazikumtaka mnunuzi ajue lolote. Leo mistari ile imekuwa ya hudhurungi, nailoni imekauka pembeni, na picha zimegawanyika makundi mawili: zilizoganda kiasi kwamba ukizivuta zinachanika, na zilizoachia zikateremka chini zikalaliana. Kundi la kwanza ndilo linalouma zaidi, maana humo ndimo mara nyingi zilimo picha za harusi na za wazee waliokwisha kutangulia mbele ya haki.

Katika sura zilizopita tulichagua picha na kuzipanga. Sasa tunashika sindano. Wengi wanaoanza kutengeneza kurasa za kumbukumbu kwa mkono hudhani kushona ni urembo tu, kitu cha kuongeza mwishoni ili kazi ipendeze. Mimi nasema kushona ndiyo kazi yenyewe. Uzi safi wa pamba hauili picha, hauyeyuki joto likipanda, hauwapi mende chakula, na siku ukitaka kubadili mpangilio unafumua. Gundi haifumuliki. Kanuni ya sura hii ni moja, na nitairudia mpaka uichoke: shona ukurasa, usishone picha.

Gundi ya Twain, uzi wa Dickinson

Kukusanya kadi, vipande vya magazeti na picha ndani ya daftari kulipamba moto Ulaya na Marekani katika karne ya 19, karatasi iliposhuka bei na uchapaji wa rangi ukaenea. Mwandishi Mark Twain alikuwa mmoja wa wabandikaji hodari, na alichotaka kukiondoa ni usumbufu wa kopo la gundi mezani. Mwaka 1873 alipewa hataza ya daftari ambalo kurasa zake zilikuwa zimeshapakwa gundi kavu. Mtumiaji alilowesha tu, akabandika. Daftari hilo lilipata wanunuzi wengi. Mwaka 1880 E. W. Gurley akatoa kitabu kizima cha kufundisha utengenezaji wa madaftari ya namna hiyo. Njia iliyoshinda ikawa hiyo: bandika, geuza ukurasa, endelea.

Miaka michache kabla ya hataza hiyo, katika mji wa Amherst, Massachusetts, Emily Dickinson alikuwa ametumia sindano. Kuanzia mwaka 1858 hivi hadi 1864 alinakili mashairi yake kwenye karatasi zilizokunjwa, akazipanga moja juu ya nyingine, akazitoboa pembeni na kuzifunga kwa uzi. Alitengeneza vijitabu 40. Alipofariki mwaka 1886, waliohariri mashairi yake walizifungua nyuzi zile na karatasi zikachanganyika. Lakini matobo ya sindano yalibaki. Karibu karne moja baadaye mtafiti R. W. Franklin alizilinganisha karatasi tobo kwa tobo na doa kwa doa, akaurudisha mpangilio, na mwaka 1981 akachapisha vijitabu vile jinsi mwenyewe alivyovipanga. Uzi ulifunguka, na hata karatasi zilipotawanyika ziliweza kurudishwa mahali pake. Gundi isingetoa nafasi hiyo.

Hobi ya siku hizi, ile yenye karatasi za rangi, vifungo na riboni, ilichukua sura yake huko Utah, Marekani. Mwaka 1980, kwenye Kongamano la Dunia la Kumbukumbu lililofanyika Salt Lake City, Marielen Christensen alionyesha albamu za familia yake, zaidi ya 50. Watu walimzonga kumuuliza alizitengenezaje, na mwaka uliofuata yeye na mumewe wakafungua duka katika mji wa Spanish Fork. Sisi tulichofaidika nacho zaidi ni swali ambalo albamu kama zile ziliwazoesha watu kuliuliza kabla ya kununua chochote: karatasi hii imetengenezwa kutokana na nini?

Karatasi kabla ya sindano

Adui wa kwanza wa picha ni kile kinachoishikilia. Mwaka 1807 Mjerumani Moritz Friedrich Illig alieleza njia ya kutia alumu na utomvu wa msonobari kwenye karatasi ili wino usitapakae. Viwanda vikaipokea kwa mikono miwili, na kwa zaidi ya karne moja karatasi nyingi duniani zikatoka na asidi ndani yake. Asidi hukata nyuzinyuzi za karatasi polepole. Ndiyo sababu vitabu vingine vya zamani humeguka ukikunja pembe. Gazeti lina ugonjwa wa pili. Hutengenezwa kwa mbao iliyosagwa pamoja na lignini yake, na lignini ikipigwa na mwanga hugeuka manjano. Kwa hiyo lile tangazo la ndoa ya wazazi wako lililokatwa gazetini lisikae ukurasa mmoja na picha yao. Lipige fotokopi kwenye karatasi nzuri, na asilia uiweke kwenye bahasha yake peke yake.

Wataalamu wa kuhifadhi picha wana kipimo chao, ISO 18916: karatasi, gundi au wino huwekwa pamoja na sampuli za picha katika joto la nyuzi 70 na unyevu wa asilimia 86 kwa siku 15, kisha sampuli hukaguliwa kama zimefifia au zimeingia madoa. Ukikuta bidhaa iliyofaulu kipimo hicho, nunua. Usipoipata, zipo njia za mtu wa kawaida. Karatasi nyingi za fotokopi za siku hizi hutengenezwa na unga wa chokaa badala ya alumu, hivyo hazina asidi. Hizo zitafaa kuandikia maelezo na kutenga kurasa. Ila kwa gramu 80 kwa mita ya mraba ni nyepesi mno kubeba mshono. Ukurasa wenyewe uwe manila ya gramu 200 au zaidi, nyeupe au ya maziwa. Ukipenda manila ya rangi, dondoshea kipande chake tone la maji, kandamiza kwa karatasi ya chooni, utazame. Rangi ikihamia kwenye karatasi ya chooni, siku moja itahamia kwenye gauni la bibi harusi.

Kuhusu ukubwa, Wamarekani wamezoea ukurasa wa mraba wa sentimita 30 na nusu. Mimi nakushauri A4. Manila zake zinapatikana steshenari yoyote, mashine ya kuskani inaumeza ukurasa mzima, na ukikosa albamu, faili la kawaida litakusitiri.

Tobo kwanza, uzi baadaye

Kitambaa ukikichoma sindano, nyuzi zake husogea kidogo kuipisha, na ukifumua hurudiana. Karatasi haina huruma hiyo. Tobo la leo ni tobo la milele. Fundi aliyezoea vitambaa lazima abadili mambo mawili: apime kabla ya kutoboa, na atoboe kwa kuachia nafasi.

Nafasi ndiyo inayowashinda wengi. Stempu ya kwanza duniani, iliyotolewa Uingereza mwaka 1840, ilibidi ikatwe kwa mkasi. Mwaka 1854 zikaanza kuuzwa zenye matobo ili zichanike kwa vidole. Mshono wenye matobo yaliyosongamana unaufanyia ukurasa wako kazi ileile. Siku utakapougeuza kwa haraka, utabaki na nusu mkononi.

Kwa mshono wa mkono, kata karatasi kutoka daftari la hesabu lenye vyumba, iweke juu ya manila, uzibane kwa klipu pembeni. Chini yake weka taulo lililokunjwa au soli ya kandambili iliyochakaa, ile ya sponji. Toboa kwa sindano kufuata mistari ya vyumba, ukiacha milimita 5 kati ya tobo na tobo. Toboa ukitokea upande wa mbele, ili vinundu vya karatasi vitokeze nyuma. Matobo yote yakikamilika, ondoa karatasi ya hesabu ndipo utie uzi. Atakayetoboa na kushona kwa wakati mmoja, akipapasa kutokea nyuma, ataambulia matobo mawili kwa kila moja alilolikusudia.

Uzi wa kudarizi wa pamba huja na nyuzi sita zilizolazwa pamoja. Chomoa mbili tu. Sita zitalipanua tobo. Kata kipande kisichozidi urefu wa mkono wako, maana kirefu zaidi husuguliwa na kingo za matobo mpaka kinatoka manyoya. Unapovuta, vuta wima kutoka kwenye ukurasa. Ukivuta kwa ubavu uzi unageuka msumeno.

Mishono mitatu inatosha kwa karibu kila kazi. Bandi, ile ya kuingia na kutoka, inafaa kushikilia ukingo wa kitambaa. Mshono wa kurudi nyuma, ambao kila hatua hurudi kwenye tobo la hatua iliyopita, hutoa mstari usiokatika, na ndio wa kuandikia majina na kuchorea maua. Msalaba ni wa pembe na mapambo madogo. Mafundo yote yakae nyuma. Ukimaliza, funika mgongo wa ukurasa kwa karatasi safi na uzishone pamoja pembeni, ili mafundo yasikwaruze picha ya ukurasa unaofuata.

Cherehani nayo inafaa, tena inapendeza kwa mistari mirefu. Tumia sindano mpya namba 14, na uitenge kwa ajili ya karatasi peke yake, kwa sababu karatasi huitia butu upesi na sindano butu itakuharibia vitambaa. Urefu wa hatua upeleke milimita 3 hadi 4, ile 2.5 ya kitambaa ni fupi mno hapa. Legeza uzi wa juu kidogo. Jaribu kwanza kwenye kipande cha manila ileile, kwa sababu meno ya cherehani huacha alama kwenye karatasi laini. Usirudi nyuma mwishoni kama ufanyavyo kwenye shati: kurudi ni kutoboa mara mbili mahali pamoja. Acha uzi mrefu, uvute upande wa nyuma, funga fundo, kata. Ukishamaliza, safisha meno ya cherehani kwa brashi; vumbi la karatasi hunywa mafuta yote.

Njia nne za kushika picha bila kuitoboa

Hapa ndipo kanuni yetu inapopimwa. Picha lazima ikae imara, isichomwe sindano, na iweze kutoka. Zipo njia nne.

Ya kwanza ni kona za karatasi. Kata mikanda midogo ya karatasi isiyo na asidi, ikunje kuwa pembetatu, uvishe kona nne za picha, kisha shona mabawa ya kila pembetatu kwenye manila, nje ya picha. Picha inakaa kwenye mifuko minne midogo.

Ya pili ni kona za uzi. Kwenye kila kona, uzi unatoka upande mmoja wa picha, unakatiza juu ya kona, na kuzama upande wa pili. Huonekana vizuri sana kwenye picha za zamani zenye ukingo mweupe, kwa sababu uzi unakaa kwenye weupe bila kugusa sura ya mtu.

Ya tatu ni mfuko. Plastiki angavu ya poliesta au polipropilini hushonwa pande tatu kwenye ukurasa, picha ikatumbukizwa. Ogopa plastiki laini yenye harufu kali, ambayo aghalabu ni PVC: kadiri inavyozeeka hutoa asidi na mafuta, na picha hugandamana nayo. Mdomo wa mfuko uelekeze upande wa mgongo wa albamu, ili picha isichomoke ukurasa ukiinuliwa.

Ya nne ni dirisha, nami ndiyo niipendayo kuliko zote. Kata tundu kwenye manila, dogo kuliko picha kwa milimita 3 kila upande. Weka manila hiyo juu ya nyingine nzima, shona pande tatu, picha ipenye kwa upande wa nne. Picha inachungulia kama mtu aliye dirishani, na hakuna kilichoigusa zaidi ya kingo.

Dirisha lina faida nyingine, nayo tunafundishwa na kadi za vita. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, 1914 hadi 1918, wanajeshi wa Uingereza waliokuwa Ufaransa walizipelekea familia zao kadi zenye maua, vipepeo na bendera zilizodariziwa kwa hariri. Wanawake wa Kifaransa na Kibelgiji walidarizi kwenye kitambaa chepesi, kitambaa kikakatwa vipande, na kila kipande kikawekwa nyuma ya fremu ya kadi. Nyingine zilikuwa na kifuniko cha kufunua, ndani yake kadi ndogo ya salamu. Nakshi kama ile isingewezekana kwenye kadi yenyewe, matobo yangeimaliza. Walidarizi kitambaa, karatasi ikapewa kazi ya kukizunguka. Wewe unayefuma vitambaa vya makochi, au unayeshona kofia za mkono, huna sababu ya kujifunza upya. Darizi kwenye kitambaa chako kama kawaida, kiweke nyuma ya dirisha, shona pembeni. Sindano itaigusa manila kwa mzunguko mmoja tu.

Mapambo, na kila moja na maswali yake

Pwani hatuna upungufu wa mapambo: vifungo vya kombe, puleki, shanga, lesi, riboni, vipande vya kanga visivyokwisha kwa fundi. Upungufu ni wa kujizuia. Kila pambo liulize maswali matatu kabla hujalitia uzi. Je, litashika kutu? Je, rangi yake itatoka? Na albamu ikifungwa, litakandamiza nini upande wa pili?

Swali la kwanza linaondoa pini, klipu, bizimu na vifungo vya chuma. Hewa ya bahari ina chumvi, na chuma kilichoshonwa karibu na picha kitaacha doa jekundu. Swali la pili ni la vitambaa na nyuzi. Lowesha, kandamiza kwa kitambaa cheupe, pasi juu yake. Weupe ukibaki weupe, endelea. Puleki nyingi ni plastiki isiyojulikana asili yake, kwa hiyo ziwe pembeni mwa ukurasa, mbali na picha. Swali la tatu ni la shanga na vifungo vinene. Kifungo kilichoshonwa katikati ya ukurasa wa kushoto kitaacha shimo kwenye shavu la mtu wa ukurasa wa kulia. Vitu vinene vikae karibu na mgongo au chini kabisa, na kati ya kurasa mbili pawe na karatasi ya kutenga.

Maua halisi yaache. Najua kikuba cha yasmini na mlangilangi ndiyo harufu ya siku yenyewe, lakini ua lina maji na mafuta. Litatia doa, kisha litakaribisha wadudu. Lichore kwa uzi: petali tano za mshono wa kurudi nyuma, kitovu cha shanga moja ya kioo. Litadumu kuliko lile la bustanini.

Kwa kanga, nina neno zaidi. Kanga yenyewe imeshatatua tatizo la kupanga ukurasa: ina pindo linaloizunguka, mji katikati, na jina chini ya mji. Ukurasa wa kumbukumbu unahitaji vitu hivyohivyo. Mpaka unaokusanya macho, kitu kimoja kikubwa katikati, na maneno machache chini yake. Unapokwama hujui pa kuweka nini, tandika kanga sakafuni uitazame.

Ukitumia kipande chake, kifue kwanza mpaka maji yatoke meupe, kwa sababu kanga mpya ina wanga na rangi ya ziada. Pasi, kunja kingo, ndipo ushone. Pindo linafaa kuliko mji kwa sababu nakshi zake ni ndogo na zinajirudia. Jina ni kubwa mno kwa A4. Lipunguze kwa mashine ya fotokopi ulitumie kama kichwa cha ukurasa. Na kama kanga ni ile aliyoivaa bibi mwenyewe, mkasi usiikaribie. Ipige picha, na picha hiyo ndiyo iingie albamuni. Kanga ya kukata hununuliwa dukani.

Ukurasa mmoja, mwanzo hadi mwisho

Tuseme una picha ya harusi ya mwaka 1974, nyeusi na nyeupe, yenye ukingo mweupe, sentimita 9 kwa 14. Kabla ya chochote, igeuze. Studio nyingi za zamani zilipiga mhuri nyuma ya picha, na wenyewe waliandika tarehe, namba au maneno ya kumzawadia mtu. Zanzibar peke yake ilikuwa na studio za miaka mingi, kama Capital Art Studio ya Mji Mkongwe, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930. Mhuri wa studio unaweza kukuambia mji ambao hakuna mzee aliyebaki wa kukuambia. Gundi ingeufunika. Kona za uzi zitakuruhusu kuitoa picha, kusoma na kuirudisha, basi tutumie hizo.

Simamisha manila ya A4. Upande wa kushoto acha sentimita 3 za kufungia. Pasishonwe pambo hapo. Zinabaki sentimita 18 za upana. Weka picha ikiwa na sentimita 4.5 kila upande na 4 kutoka juu. Kwa penseli nyepesi, weka alama kwenye kila kona: milimita 8 kutoka kwenye ncha ya kona, kwa kingo zote mbili, na milimita 1 nje ya picha. Ondoa picha. Sasa toboa alama hizo nane. Pitisha uzi wa pamba mweupe mara mbili kwenye kila kona, fundo nyuma, lakini usikaze kama unayefunga mzigo; uzi uwe na nafasi ya picha kuteleza chini yake ikipinda kidogo. Ingiza kona mbili za chini kwanza, kisha za juu.

Chini kabisa shona pindo la kanga lenye upana wa sentimita 4, ukitumia mshono wa cherehani kwa kingo za juu na chini. Kati ya picha na pindo pamebaki zaidi kidogo ya sentimita 7. Nusu ya juu iwe ya jina, tuseme Wema Hauozi, lililopunguzwa kwa fotokopi na kushonwa ncha zake kwa misalaba miwili. Nusu ya chini iwe ya maelezo.

Maelezo yasiachwe hata kama mwandiko wako haupendezi. Ukurasa mzuri usio na majina ni picha ya watu wasiojulikana iliyopambwa. Andika kutoka kushoto kwenda kulia, majina kamili, mahali, mwaka, na aliyekusimulia. Kisha ongeza kitu kimoja ambacho picha haisemi: kwamba mwenye miwani ndiye shangazi aliyeshona gauni, au kwamba mvua ilinyesha na picha ikapigwa ndani. Tumia kalamu ya wino usiotoka. Chora mstari kwenye kipande cha karatasi, kisubiri kikauke, kilowanishe, utaona. Maandishi ya printa za wino wa maji hutapakaa kwenye unyevu wa pwani, lakini ya fotokopi na printa za leza hushika. Karatasi ya maelezo ishone kwa juu tu, kama kalenda, ili mjukuu atakayejua zaidi aweze kuandika chini yake.

Pambo? Vifungo viwili vya kombe upande wa mgongo, juu na chini ya usawa wa picha. Basi. Picha ndiyo bibi harusi wa ukurasa huo. Wengine wote ni wapambe.

Kuzifunga na kuziweka

Ukurasa wenye kitambaa na vifungo ni mnene, na kurasa nene zikifungwa pamoja albamu hupanuka mbele kuliko mgongoni. Dawa yake ni kushona mkanda wa manila wenye upana wa sentimita 3 kwenye mgongo wa kila ukurasa, juu ya ile nafasi uliyoiacha. Ukurasa ukiwa mnene sana, shona miwili. Toboa matobo manne yanayolingana kwenye kurasa zote na kwenye majalada mawili ya kadibodi, pitisha riboni, funga mbele. Riboni inafunguka. Ukipata picha mpya ya mwaka uleule, ukurasa wake utaingia mahali pake bila kuvunja albamu.

Ukungu huota unyevu wa hewa unapozidi asilimia 65 hivi, na miji yetu ya pwani huvuka kiwango hicho kwa sehemu kubwa ya mwaka. Albamu isiegemee ukuta wa nje, isikae droo ya chini kabisa, na isifungwe kwenye mfuko wa plastiki, kwa sababu mfuko huzuia maji yaliyomo ndani yasitoke. Ilaze kwenye rafu ya ukuta wa ndani, ifunike kwa kitambaa cha pamba, uifungue mara kwa mara ipate hewa. Gundi ya unga wa ngano au muhogo, tuliyoizoea tangu shuleni, ni karamu ya mende na wadudu wa vitabu. Kurasa zilizoshonwa hazina karamu hiyo, lakini uchafu wa mikono huwaita vilevile. Nawa kabla ya kufungua.

Kabla hujahesabu kuwa ukurasa umekamilika, upe mtihani. Mwite mtu ambaye hakuuona ukitengenezwa. Mwambie aitoe picha, asome kilichoandikwa nyuma, airudishe, bila mkasi na bila kukuuliza. Kisha autikise ukurasa ukiwa umeinamishwa. Picha isipodondoka na yeye asipohangaika, kazi imekwisha. Akihangaika, kosa liko kwenye mshono: fumua kona hiyo, uilegeze au uikaze, ushone tena.